Upande wa Pili wa Uzio

Hexlow, Sussex
Jumatano, 19 Juni

Dada yangu Beryl,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji Murray, pamoja na kondoo wenu wa huko New Zealand ambao najua ni wengi kuliko watu wa wilaya yenu nzima. Natumaini ile nyonga mpya inakubeba vizuri na baridi ya huko haijaanza kukutafuna. Huku kwetu ni kiangazi, kama kweli kinastahili jina hilo: mvua siku tatu, jua siku moja, na siku hiyo moja kila mwanamume anavua shati hata yule ambaye hatukutaka kuliona tumbo lake. Mwili wangu ni mzima. Goti la kushoto linalalamika, lakini hilo linalalamika tangu lori liliponilalia kule Bulgaria, na kisa chenyewe unakijua.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Sababu ni kwamba kwenye simu ningekuchekesha. Unanijua vizuri, ningesikia tu sauti yako ningeanza porojo za Istanbul na maaskari wa mpakani, tungekata simu wewe umecheka na mimi sijasema kitu. Karatasi haicheki. Kwa hiyo nimekaa mezani jikoni tangu asubuhi, chai imepoa mara mbili.

Barua hii inamhusu Imogen, mjukuu wangu. Yuko hai. Nalitanguliza hilo ili usisome huku umeshika kifua. Mtulinga umevunjika, mbavu mbili zina ufa, na mkono wa kulia umefungwa plasta ambayo darasa zima limeandika majina yao juu yake. Hayo daktari anasema yatapona kabla ya Agosti. Lakini liko jingine, Dada, ambalo hakuna daktari anayeliona, nalo ni kama mtoto yule ataweza tena kunipa mkono wake niushike. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko chochote nilichowahi kukutana nacho barabarani, na nimekutana na mengi.

Ilikuwa Jumatatu ya sikukuu, mwisho wa Mei. Mwanangu Gareth na mkewe Pippa walikuja kutoka Reading na Imogen wao. Pippa ni mwalimu wa sayansi, hawezi kumwona kipepeo asimuulize jina. Alitaka tuifuate ile njia ya matembezi pale kilima cha Tolland, ile yenye nguzo fupi zilizoandikwa namba. Unachukua karatasi kwenye kisanduku pale maegesho, na kila namba inakwambia utazame nini: namba moja mti gani, namba mbili mashimo ya mnyama gani. Nilimwambia nimezaliwa maili mbili kutoka pale na nimekojoa kwenye kila mti wa mwitu ule, sihitaji karatasi. Akasoma kidogo, akaniambia kumbe ndiyo sababu mti namba tatu umekauka. Tulicheka wote. Mwanamke yule ana ulimi, na ndiyo maana nampenda.

Tulikuwa na mikate ya mayai, soseji za kuviringisha, keki ya limau, na chupa mbili za chai. Tulikuwa na Bramble pia, mbwa wangu, ambaye tangu mke wangu Jean aniage ndiye ninayezungumza naye nyumbani na ndiye pekee anayekubali hadithi zangu bila kuuliza mwaka.

Mwitu wenyewe unaukumbuka. Ile miti mikubwa yenye gome la kijivu laini kama ngozi ya tembo, majani mapya, na mwanga wa kijani utadhani unatembea chini ya maji. Kwenye namba tano njia inaingia katika ile miti myeusi ya makaburini, minene, ambayo chini yake hakuoti hata jani moja. Pale nilianza kumtisha Imogen. Nilimwambia habari za mswaga ng'ombe aliyekatwa kichwa miaka mia tatu iliyopita, ambaye bado anaipita njia ile akitafuta kundi lake. Mtoto ana miaka tisa. Aliniuliza kama hana kichwa anaionaje njia. Nikasema anaifuata kwa harufu. Akaniuliza pua yake iko wapi. Gareth alicheka mpaka akaegemea mti.

Lakini wakiwa wanacheka, Bramble alisimama ghafla, nywele za mgongo zimesimama, akinguruma chini chini kuelekea gizani. Hapakuwa na kitu. Labda kulungu, labda upepo. Mimi, Dada, mwili ulinisisimka toka kisogoni mpaka visiginoni, nikachapua hatua nikijidai goti leo limepona. Nilifika kwenye mwanga kabla ya wote. Imogen akaniambia nimekwenda mbio kweli kwa mzee. Nikamjibu kwamba nilikuwa nakagua usalama wa njia.

Nje ya miti kilima kilikuwa kizuri kupita kusema. Nyasi fupi kama zulia, chaki nyeupe inachungulia chini yake kama mfupa, vipepeo wa bluu wadogo kama kucha ya mtoto, na ndege wale wanaopanda juu kabisa mpaka huwaoni, unasikia wimbo tu. Tulikula pale tukiitazama bahari kwa mbali. Pippa alimfundisha Imogen majina ya maua, nami nikamfundisha majina yangu mwenyewe ya maua hayohayo, ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kisha tukafika kwenye lango la namba nane, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Lile konde tulilokuwa tukilivuka utotoni sasa ni malisho ya ng'ombe. Walikuwa kama thelathini, wekundu, wamelala na ndama wao katikati. Kibao langoni kilisema kuna ng'ombe wenye ndama, mbwa wafungwe kamba. Njia inakata konde katikati mpaka pembeni mwa mwitu, ambako kuna ngazi ya kuvukia uzio, namba tisa. Pippa akasoma karatasi yake akasema msimu wa ndama wanashauri watu wazunguke nje ya ua, kupitia pembeni mwa shayiri. Dakika kumi zaidi, basi.

Nilikataa. Wewe ni wa ukoo wa Pannett, utanielewa. Ile ni njia ya umma. Babu yetu Enoch aliivunja kufuli ya bwana shamba mara tatu kwa ajili ya njia ile, na mara ya tatu alilala kituo cha polisi na asubuhi akaenda kuivunja ya nne. Niliwaambia ukizunguka mwaka huu, mwakani watatia waya, na mwaka wa tatu utaambiwa hapakuwahi kuwa na njia. Mtu akiiacha haki yake ya kupita kwa kuwaogopa ng'ombe, keshokutwa ataiacha kwa kuogopa kuku. Tena mimi ni mtoto wa mkamuaji, niliwaambia, nimelala zizini, nawajua ng'ombe kabla sijamjua Mungu.

Gareth akasema, “Baba, wewe ulikuwa dereva wa lori.”

Pippa alisema yeye anazunguka, na kama nataka kupita nipite, ila mbwa aende nao. Ni Imogen aliyeharibu. Alinishika mkono akasema anataka kupita njia ya Babu Enoch, pamoja na Bramble. Pippa alimtazama mumewe. Gareth akasema mzee anawajua ng'ombe, hakuna neno. Wakaenda zao, na ule ua wa miti ya miiba ni mrefu kuliko mtu, hawakutuona tena wala sisi hatukuwaona.

Imogen aliomba amshike mbwa yeye. Niliizungusha kamba mara mbili kwenye kifundo cha mkono wake ili isimponyoke. Nilimwambia hivi, nayakumbuka neno kwa neno: “Huyu ndiye niliyebaki naye duniani. Usimwachie hata mbingu zikidondoka.” Nilisema kwa mzaha, nikakunja uso kama jemadari. Yeye hakucheka. Aliitikia kwa kichwa.

Tulipofika katikati, ng'ombe mmoja alinyanyuka. Wa pili akanyanyuka. Unajua wanavyonyanyuka, nyuma kwanza, polepole, kama mabibi kanisani. Kisha wote wakawa wamesimama, hakuna anayetafuna. Kile kimya, Dada. Nimewahi kusimama barabarani usoni mwa bunduki, sikuwahi kusikia kimya cha namna ile. Ndama mmoja akaja kumnusa Bramble, Bramble akabweka mara moja tu, na mama yake ndama akashusha kichwa akapuliza pua. Halafu ardhi ikaanza kutetemeka miguuni. Mnyama mmoja wa kilo mia saba anakuja na wenzake nyuma yake, na unasikia pumzi zao kabla hujasikia kwato.

Sasa nitakueleza inavyojulikana Hexlow nzima. Inajulikana kwamba Clive Pannett alikimbia pembeni akipiga kelele ili awavute wale ng'ombe wamfuate yeye. Inajulikana kwamba alimpigia ukelele mjukuu wake amwachie mbwa, kama Baba alivyotufundisha, maana ng'ombe mwenye ndama hana ugomvi na wewe, ana ugomvi na mbwa, na mbwa ana miguu minne ya kujiokoa nayo. Mtoto akamwachia. Mbwa akatoka mbio, kundi likamfuata, na kwa bahati mbaya ng'ombe wa mwisho akamkumba mtoto akipita. Inajulikana kwamba wazazi walipotokea mwituni walinikuta nimemfunika Imogen kwa mwili wangu katikati ya konde. Gari la wagonjwa lilichukua dakika arobaini. Bramble tulimkuta chini ya gari letu pale maegesho, mzima, anatetemeka, hana kola.

Pale hospitali Gareth alinikumbatia, Gareth ambaye hajanikumbatia tangu mazishi ya mama yake. Kasisi alinitaja Jumapili. Mama wa posta alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kwenye baa hawakuniacha niagize mwenyewe wiki nzima, na mimi, Dada, unajua mdomo wangu. Mara ya kwanza nilisimulia hivyohivyo. Mara ya tatu nilikuwa nimevua koti na kulipunga mbele ya kundi. Mara ya tano nilikuwa nimemshika ng'ombe pembe, mpaka mzee Alf Tidy akashusha bilauri yake akaniuliza ng'ombe wale wameota pembe tangu lini.

Na Imogen hakulia. Hakulia kondeni, hakulia wakati wa kunyooshwa mkono, hakulia siku zile akishindwa kujigeuza kitandani. Kila mtu akasema mtoto ana ujasiri wa babu yake. Nilikuwa nikisikia maneno hayo nainamisha kichwa kidogo, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Siku kumi na tatu baadaye, Jumapili, nilikwenda kumwona kwao. Tulikuwa wawili bustanini, yeye kwenye kiti na mto chini ya mkono wake. Shuleni walikuwa wamemwomba asimulie kisa mbele ya darasa, na alikuwa amesimulia Ijumaa. Alitazama kwanza kama mlango wa jikoni umefungwa. Kisha akaniinamia, akaninong'oneza.

“Babu, nimewaambia tena. Nimesema sawasawa?”

Ndiyo, Dada. Sasa umeelewa.

Sikupiga kelele. Sikumwambia mtu amwachie mbwa. Sikuvua koti. Niliposikia zile pumzi niliuachia mkono wa mtoto, nikakimbia. Sikufikiri, sikuamua, kama unataka kunitafutia udhuru. Lakini mkono niliuachia mimi, na nilihisi vidole vyake vikijaribu kushika vyangu vikikosa. Goti lile lenye hadithi halikuuma hata kidogo. Nilivuka ngazi ya uzio sijui namna gani, nikajikuta upande wa pili, mwituni, nimeikumbatia nguzo namba tisa kama mlevi.

Ndipo nikageuka. Nilimwona amesimama peke yake, mdogo sana kwenye nyasi zile, ng'ombe wamemzunguka, Bramble anavuta kamba huku na huku na yeye anavutwa naye. Hakumwachia. Alikuwa ameshika kwa mikono miwili. Alikuwa anatii, Dada. Alikuwa ananilindia mbwa wangu.

Neno lilikuwa moja tu: mwachie. Nimelijua neno hilo tangu nikiwa na miaka minne. Baba alikuwa akilisema kama watu wengine wanavyosali. Nilifungua mdomo, halikutoka. Mimi ambaye nimewatukana madereva kwa lugha saba, nilisimama pale mdomo wazi na hakikutoka hata kikohozi.

Akaniita. “Babu!” Mara mbili. Ya kwanza kwa kuniuliza niko wapi. Ya pili baada ya kuniona.

Ng'ombe alimpiga ubavuni, akaanguka, na kamba ikamburuta mpaka Bramble akajichomoa kwenye kola kwa akili zake mwenyewe na kutoroka. Kundi likamfuata mbwa mpaka chini ya bonde. Konde lilipobaki tupu kabisa, hakuna hata ndama, ndipo nilipovuka tena uzio. Nilimfunika kwa mwili wangu, hilo ni kweli. Nilimfunika wakati hapakuwa tena na hatari ya kumkinga nayo.

Wazazi wakaja wanakimbia. Pippa akapiga magoti akauliza nini kimetokea. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti, meno yanagongana, siwezi kusema. Imogen ndiye aliyejibu, kalala chali, uso mweupe kama chaki. Alisema Babu aliwakimbiza ng'ombe, akamwambia amwachie Bramble. Nikamsikia. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, na nafasi nyingine kwenye gari la wagonjwa, na nyingine hospitali, na kila siku baada ya hapo mpaka nikawa naisimulia hadithi hiyo mimi mwenyewe kwa watu wenye bilauri mikononi.

Pale bustanini nilimuuliza kwa nini alisema vile. Alisema nilikuwa nalia sana, akadhani watanigombeza.

Ningekuwa mtu, ningeingia jikoni kuwaambia wazazi wake saa ileile. Sikuingia. Nilimwambia amesema sawasawa, nikapanda treni kurudi nyumbani. Wiki nzima nilikuwa nikiisikia simu nashtuka, nikiuona uso wangu kwenye kioo cha kunyolea nageuza. Nilikuwa naogopa kwamba atateleza ulimi siku moja shuleni akaropoka. Halafu nikaogopa zaidi kwamba hataropoka kamwe, kwamba atakuwa mwanamke wa miaka arobaini bado anaibeba siri hii.

Jumapili hii iliyopita nilikwenda tena. Tulikaa mezani wote wanne, kuku wa kuoka, viazi, mchuzi. Kabla Gareth hajakata nyama nilisema nina jambo. Nililisema lote, Dada, bila kuremba, kama nilivyokuandikia hapa, ila kwa ufupi. Niliitazama chumvi muda wote maana sikuweza kumtazama mtu.

Gareth aliweka kisu chini. Akainuka, akaenda kwenye sinki, akaanza kuosha vyombo visivyo vichafu. Mpaka naondoka sikuiona sura yake.

Pippa hakushangaa. Alisema taratibu, “Kifundo kilivunjika pale kamba ilipozungushwa, Clive. Na kola ilikuja hospitali bado imefungwa kwenye kamba. Nimekuwa nikikungoja.”

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema halikuwa lake la kusema.

Imogen alikuwa anaitazama sahani yake. Nilidhani amekasirika kwa kuwa nimeharibu siri yetu. Midomo yake ikaanza kucheza.

“Nilikuita,” akasema.

“Nilikusikia.”

“Nilikuita mara mbili.”

“Nilikusikia zote mbili.”

Ndipo akalia. Si kulia kwa mtoto aliyenyimwa kitu; alilia kwa sauti nzito, toka chini kabisa, akiushika ubavu kwa sababu unamuuma akilia, na hakuweza kunyamaza. Yalikuwa machozi ya konde, wiki tatu yamechelewa. Mama yake alimchukua mapajani, miguu yote inaning'inia, plasta imebanwa katikati yao. Mimi, miguu ilitaka kunipeleka mlangoni. Nakwambia ukweli, ilikwisha kugeuka chini ya meza. Nilishika kiti kwa mikono miwili nikakaa. Nilikaa akilia nusu saa, na kila nilipotaka kufungua mdomo niseme kitu cha kuchekesha niliufunga.

Hakunitazama alipopandishwa kulala. Pippa alinifikisha mlangoni. Alisema nisije wala nisipige simu mpaka Imogen mwenyewe aniite. Inaweza kuwa wiki, akasema, inaweza kuwa zaidi, na hatamsukuma. Nikasema ni haki. Gareth hakuja mlangoni.

Kwenye baa nilikwenda jana, nikawaeleza. Sikukaa kunywa. Alf Tidy alinifuata nje akatembea nami mpaka kwangu bila neno, na kwa Alf hiyo ni hotuba.

Sikuandikii ili unifariji, Dada. Nakuomba usiniandikie kwamba mtu yeyote angekimbia. Wewe usingekimbia. Nakumbuka uliponivuta miguu kutoka chini ya lango la zizi na yule fahali amesimama juu yetu, na ulikuwa na miaka kumi na moja. Niandikie tu habari zako, za mvua, za bei ya sufu, niwe na kitu cha kusoma. Nakaa humu ndani naogopa, na sijui kama hofu hii ni ya kwamba hataniita, au ni ya siku ile atakayoniita na mimi ni mimi yuleyule. Najua kitu kimoja tu: safari hii akiita, mara moja itatosha.

Msalimie sana Murray na umwambie sijasahau deni lake la kunifundisha kukata manyoya ya kondoo. Wabusu wajukuu wako kwa ajili yangu, wakubwa na wadogo. Bramble analala miguuni mwangu, hana hatia, anakusalimu. Jitunze na ile nyonga, usipande ngazi, na ukienda kanisani mtaje Imogen kwa jina. Mimi usinitaje bado.

Nakupenda kama siku zote, hata kama siku zote sikuwa nalisema.

Mdogo wako,
Clive